Jina ni la wote, kazi je? Historia ya ualimu wa pilates

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia picha ya tangazo kwenye simu. Semina ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, na ukimaliza unakabidhiwa cheti cha "mwalimu wa pilates". Ada ingekula karibu akiba yake yote. Chini ya picha aliandika swali moja tu: "Hii kitu ni ya kweli au napigwa?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja, nikashindwa. Kisheria, karibu kila mahali, hakuna anayeweza kumzuia mtu kujiita mwalimu wa pilates hata kama amesoma siku mbili tu. Hali hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Ina historia yake, na ndani yake kuna kambi ya kizuizini, kampuni ya glavu, jaji wa New York na mifupa ya wanawake 59. Nimeona niiandike hapa kwa sababu huenda siku moja wewe utataka kuifanya kazi hii, au mama yako mwenye maumivu ya mgongo atalipa pesa kufundishwa na mtu mwenye cheti kama hicho. Kwa vyovyote, ni vizuri ujue cheti hicho kimetokana na nini.

Kama hujawahi kuiona pilates, ni mfumo wa mazoezi yanayofanywa polepole na kwa usahihi, ukiendana na pumzi yako, huku misuli ya tumbo, mgongo na nyonga ikishikilia kiwiliwili kisiyumbe. Unaweza kufanyia mkekani au kwenye mashine zenye springi. Sasa tuanze mwanzo.

Mtoto mgonjwa na vita

Wengi hudhani "pilates" ni neno la Kigiriki au la kitabibu. Hapana. Ni jina la ukoo, kama Otieno au Mwakyusa. Joseph Hubertus Pilates alizaliwa tarehe 9 Desemba 1883 huko Mönchengladbach, magharibi mwa Ujerumani. Wanaosimulia maisha yake husema alikuwa mtoto wa maradhi: pumu, matege, homa ya baridi yabisi. Akaamua kuujenga mwili wake mwenyewe kwa jimnastiki na ndondi.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza alihamia Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1914, Mjerumani aliyekuwa Uingereza akawa raia wa nchi adui. Joe akawekwa kizuizini, kwanza Lancaster, kisha kambi ya Knockaloe katika kisiwa cha Man, ambako walishikiliwa wanaume zaidi ya 20,000. Huko ndiko anakosemekana kuwafundisha wenzake mazoezi ya sakafuni.

Hapa naomba uwe makini kidogo. Ukiingia studio yoyote ya pilates utasimuliwa mambo mawili: kwamba Joe alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa kambini wakaweza kufanya mazoezi wakiwa wamelala, na kwamba hakuna hata mmoja wa wanafunzi wake aliyekufa kwa mafua makali ya 1918. Ni hadithi tamu, lakini ziweke kwenye kapu la masimulizi. Zimepitishwa mdomo kwa mdomo na watu waliompenda, na yeye mwenyewe alikuwa hodari wa kujitangaza.

Kisicho na ubishi ni kilichoandikwa. Mwaka 1926 Joe alihamia Marekani, na mwaka 1927 serikali ya huko ikampa hataza ya mashine ya mazoezi, mzazi wa mashine ambayo leo inaitwa rifoma.

Springi inafundisha nini

Rifoma ni kama kitanda chembamba chenye jukwaa linaloteleza juu ya reli. Jukwaa limefungwa kwa springi, nawe unalala, unakaa au unasimama juu yake na kulisukuma au kulivuta.

Kwa nini springi na si vyuma vya kunyanyua? Dambeli la kilo 5 ni kilo 5 mwanzo wa zoezi na ni kilo 5 mwisho wake. Springi haiko hivyo. Ukiivuta mara mbili zaidi, nayo inakuvuta mara mbili zaidi. Hiyo ndiyo kanuni ya Hooke uliyoisoma kwenye fizikia ya sekondari. Pia springi inataka kurudi ilikotoka. Ukiiachia ovyo, jukwaa linarudi na kugonga kwa kishindo, na kila mtu chumbani anageuka kukuangalia. Kwa hiyo nusu ya kazi ni kusukuma, na nusu nyingine ni kuzuia jukwaa lirudi polepole. Ndiyo maana Joe hakuuita mfumo wake "pilates". Aliuita Contrology, yaani elimu ya kudhibiti.

Kuna jambo la tatu, na ndilo linalotuhusu zaidi. Katika mazoezi kadhaa ya rifoma, ukipunguza springi zoezi linakuwa gumu zaidi badala ya kuwa rahisi, kwa sababu jukwaa linakosa kitu cha kulituliza na mwili wako unalazimika kufanya kazi hiyo. Katika mazoezi mengine ni kinyume chake. Kwa hiyo mwalimu anapoamua springi ngapi, anajibu swali lisilo na jibu moja: kwa mwili huu, wenye goti hili, leo hii, kiasi gani kinatosha? Jibu hilo huwezi kulichapisha kwenye bango ukalibandika ukutani.

Wachezaji waliovunjika

Joe alifungua chumba chake cha mazoezi katika jengo namba 939, Eighth Avenue, New York, akifanya kazi na Clara Zeuner, mwenzi wake wa maisha ambaye inasemekana walikutana melini wakielekea Marekani. Wanafunzi wengi wa zamani walimkumbuka Clara kuwa ndiye mwalimu mwenye subira. Joe alikuwa wa kufoka.

Waliompa jina kubwa ni wachezaji wa densi. Fikiria maisha yao. Mchezaji wa baleti akiumia kifundo cha mguu, hapotezi mazoezi tu, anapoteza mshahara. Na kazi yenyewe ni fupi, mwili ukichoka imeisha. Magwiji kama George Balanchine na Martha Graham wakaanza kuwapeleka wachezaji wao kwa Joe wakatengenezwe.

Na ualimu wa pilates kama kazi ulizaliwa hapo hapo. Mchezaji alikuja kwa sababu ya jeraha, akapona au akapata nafuu, akabaki. Akaanza kusaidia kupanga springi, akaanza kumwelekeza mgeni, miaka ikapita, naye akawa mwalimu. Ni njia ile ile ya mwanagenzi na fundi unayoijua kwenye gereji au kwa fundi seremala: unashika spana, unatazama, unakosea, unafokewa, unarudia.

Romana Kryzanowska, mwanafunzi wa baleti, alipelekwa na Balanchine mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya kifundo cha mguu. Carola Trier, mcheza sarakasi aliyejulikana kwa kujikunjakunja mwili huku amevaa viatu vya magurudumu, alikimbia Ulaya ya Wanazi, akaumia, akaja kwa Joe, na baadaye akafungua studio yake kwa baraka za mwalimu wake. Kathy Grant, mchezaji densi Mmarekani mweusi, aliletwa na goti. Ron Fletcher, aliyekuwa akicheza na Martha Graham, naye goti. Ukiwapanga pamoja, orodha ya waasisi wa kazi hii inasomeka kama rejesta ya kliniki ya mifupa.

Joe aliandika vitabu viwili, kimoja mwaka 1934 na kingine mwaka 1945. Hicho cha pili kina mazoezi 34 ya mkekani yenye picha. Lakini kitabu kinamwonyesha msomaji namna ya kufanya, hakimwonyeshi mwalimu namna ya kufundisha. Hapakuwa na chuo, silabasi wala mtihani.

Silsila bila hati

Kama umekulia pwani, au umesoma madrasa popote, unaijua silsila: nimesoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani, mpaka kwa mwenye elimu. Ndiyo inayompa mwalimu uzito. Ulimwengu wa pilates ulijengeka hivyo hivyo. Hadi leo mwalimu mzoefu atakwambia alisoma kwa nani, na huyo kwa nani, mpaka kwa Joe. Waliosoma kwa Joe moja kwa moja huitwa wazee, kwa heshima.

Tatizo ni kwamba silsila hii haikuwa na hati. Wanaotajwa kuwa walipata cheti rasmi chini ya Joe mwenyewe ni wanawake wawili tu: Kathy Grant na Lolita San Miguel, mchezaji wa baleti aliyekuja kufanya kazi kubwa Puerto Rico. Walikipata mwaka 1967 kupitia mpango wa jimbo la New York wa kuwaandaa watu kwa kazi mpya. Ona mwaka wenyewe. Tarehe 9 Oktoba 1967 Joe alifariki, akiwa na miaka 83.

Hakuacha chuo, wala mtu mmoja aliyekabidhiwa njia yake mbele ya mashahidi. Clara aliendelea kufundisha kwa muda, baadaye Romana akasimamia studio. Wengine walitawanyika na kila mmoja akaondoka na pilates aliyofundishwa yeye. Nayo haikuwa ile ile, maana Joe alimpa kila mtu mazoezi kulingana na jeraha lake! Aliyekuja na goti alijifunza pilates ya goti, aliyekuja na mgongo pilates ya mgongo. Mwaka 1970 Alan Herdman alifungua studio London. Miaka ya mwanzo ya 1970 Fletcher alifungua yake Beverly Hills, waigizaji wa filamu wakaingia, magazeti yakafuata. Kathy Grant akaendesha studio ndani ya duka la kifahari la Henri Bendel, New York, kisha akafundisha chuo kikuu.

Kazi ikawepo na wateja wakawepo. Kilichokuwa hakijaulizwa ni jina "Pilates" lilikuwa la nani.

Kampuni ya glavu

Jibu la miaka ya 1980 linachekesha: lilikuwa la kampuni ya glavu. Studio ya New York ilikuwa imepita mikononi mwa wawekezaji, na katika miaka hiyo ikanunuliwa na Aris Isotoner, kampuni iliyojulikana kwa kutengeneza glavu. Jina Pilates likasajiliwa kama alama ya biashara. Likauzwa tena, na mwaka 1992 likamfikia Sean Gallagher, mtaalamu wa fiziotherapia wa New York.

Gallagher alianza kulilinda. Walimu na studio walipata barua za mawakili zikiwataka waache kulitumia jina hilo bila ruhusa. Jiweke kwenye nafasi yao. Umefundisha miaka 15, umesoma kwa mtu aliyesoma kwa Joe mwenyewe, halafu barua inakwambia huruhusiwi kutaja jina la unachokifundisha. Wengine walibadilisha mabango na kutafuta maneno ya kuzunguka. Gallagher naye alikuwa na hoja ya kusikilizwa: bila mlinzi mlangoni, yeyote angeweza kuuza chochote kwa jina hilo, na atakayeumia ni mteja. Kumbuka hoja hiyo. Tutairudia.

Aliyekataa kusalimu amri ni Ken Endelman wa California. Yeye hakuwa mchezaji densi, alikuwa fundi wa samani. Katikati ya miaka ya 1970 alitengeneza rifoma kwa kuagizwa na mteja, akaona ni kazi, akaendelea mpaka akawa na kampuni kubwa inayoitwa leo Balanced Body. Akashtakiwa, akaamua kupambana.

Tarehe 19 Oktoba 2000

Ukienda dukani ukasema "nipe Colgate", muuzaji anaweza kukupa dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa na usione ajabu. Ukisema "nataka Kiwi", unamaanisha rangi ya viatu, haijalishi nani kaitengeneza. Yaani jina la kampuni limeanza kutumika kama jina la kitu chenyewe. Katika sheria za alama za biashara, nyingi duniani, mahakama ikikubali kwamba jina limefika huko kweli, mwenyewe anaweza kulipoteza. Sababu ni rahisi: huwezi kummilikisha mtu mmoja neno ambalo wengine wote wanalihitaji ili kutaja kitu hicho. Karate haina mwenyewe, yoga haina mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa katika mahakama ya shirikisho mjini New York mbele ya Jaji Miriam Goldman Cedarbaum. Tarehe 19 Oktoba 2000 akatoa uamuzi: pilates ni jina la aina ya mazoezi, na si mali ya kampuni yoyote. Mtu yeyote anaweza kulitumia.

Tangu siku hiyo mlango ukawa wazi. Studio zikaongezeka, mashirika ya mafunzo yakajitokeza kila upande, jimu zikaweka ratiba ya pilates bila kumwomba mtu ruhusa. Bila uamuzi ule, rafiki yangu asingeweza hata kuota kufungua darasa mtaani kwake na kuliita pilates. Na bila uamuzi ule, wale wa semina ya siku mbili wasingeweza kumuuzia cheti. Vyote viwili vimetoka kwenye mlango mmoja.

Walimu wenyewe waliliona pengo hilo haraka. Mwaka 2001 wakaunda Pilates Method Alliance, na mwaka 2005 ukaanza mtihani wao wa pamoja. Kipimo walichokiweka kwa mafunzo kamili ni saa 450: kusoma anatomia, kutazama walimu wakifundisha, kufanya mwenyewe, na kufundisha chini ya uangalizi. Hebu piga hesabu. Semina ya siku mbili, saa 8 kila siku, ni saa 16. Ungehitaji wikendi 28, na bado ungebakiwa na saa 2.

Lakini huo ni utaratibu wa hiari. Marekani kwenyewe hakuna leseni ya serikali ya kufundisha pilates. Linganisha na fiziotherapia: Kenya, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 2014 inayowasimamia wataalamu wake, na huwezi kuamka tu ukajiita mmoja wao.

Kwa nini saa ziwe nyingi hivyo?

Unaweza kusema ni wivu wa wakubwa wanaotaka kuwafungia wadogo mlango. Mazoezi ni mazoezi, bwana, yapo 34 kitabuni, mtu anayakariri wiki moja. Mimi pia niliwahi kuwaza hivyo, mpaka niliposoma utafiti mmoja wa mwaka 1984.

Mehrsheed Sinaki na Beth Mikkelsen wa Mayo Clinic, Marekani, walifuatilia wanawake 59 waliokuwa wamekoma hedhi na wenye osteoporosisi ya mgongo, ule ugonjwa wa mifupa kupungua uimara. Waligawanyika makundi manne: waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma, waliofanya ya kuinama mbele, waliofanya yote mawili, na ambao hawakupewa mazoezi yoyote ya mgongo. Baadaye picha za eksirei zikaonyesha waliopata majeraha mapya ya pingili za mgongo. Kundi la kunyoosha: asilimia 16. Waliochanganya: asilimia 53. Wasiofanya: asilimia 67. Kundi la kuinama mbele: asilimia 89.

Tuwe waangalifu kama tunavyofundishana kwenye blogu hii. Kundi la kuinama lilikuwa na watu 9 tu, na utafiti mdogo hauwezi kubeba hitimisho zito peke yake. Lakini unaendana na mekanika ya mwili: ukiinama, sehemu ya mbele ya pingili ndiyo inayobanwa, na kama mfupa umekuwa mwepesi, hapo ndipo unapopondeka. Ndiyo maana hadi leo wataalamu huwaonya wenye ugonjwa huu wasijikunje mbele kwa nguvu tena na tena.

Sasa rudi kwenye yale mazoezi 34 ya Joe. La kwanza, Hundred: unalala chali, unainua kichwa na mabega, unapigapiga mikono hadi hesabu ya 100. Linalofuata, unajikunja kutoka kulala mpaka kukaa. Mbele kidogo unajikunja kama mpira na kubingirika kwa mgongo. Ni kuinama, kuinama, kuinama. Kwa mchezaji wa baleti wa miaka 22, hakuna shida. Kwa mama wa miaka 65 ambaye hajawahi kupimwa mifupa, mfuatano huo huo, ukifundishwa kwa usahihi wote wa kitabu, unaweza kumvunja pingili. Na mama huyo ndiye atakayekuja darasani, kwa sababu kaambiwa pilates ni nzuri kwa mgongo.

Cheti cha siku mbili kinaweza kukufundisha Hundred. Hakina muda wa kukufundisha nani asiifanye, na umpe nini badala yake.

Silsila nayo haitoshi

Usije ukaondoka hapa ukidhani dawa ni kumtafuta mwenye silsila safi mpaka kwa Joe. Joe mwenyewe alikosea mambo. Aliamini uti wa mgongo wa mtu mzima unapaswa kuwa umenyooka kama timazi ya fundi mwashi. Anatomia ya leo inasema hapana: mgongo wenye afya una mikunjo ya asili, na kazi yake mojawapo ni kusaidia kubeba mzigo. Mwalimu anayelazimisha kila kiuno kilale bapa sakafuni kwa sababu "Joe alisema" anahifadhi kosa pamoja na elimu.

Na je, mazoezi yenyewe yanasaidia? Mwaka 2015 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima ubora wa tafiti za afya, waliangalia majaribio 10 yenye washiriki 510 wenye maumivu ya chini ya mgongo. Walichokuta ni hiki: pilates ilionekana kupunguza maumivu kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa wa ubora wa chini hadi wa kati. Ila haikuthibitika kuwa bora kuliko aina nyingine za mazoezi.

Kwa mtu anayetaka kujenga maisha kwa kazi hii, naona matokeo hayo ni habari njema ukiyasoma vizuri. Yanamaanisha hakuna uchawi ndani ya springi. Kama pilates haiizidi mazoezi mengine kwa jina lake, basi mteja anarudi wiki ya pili kwa sababu ya mwalimu: jicho lake, maneno yake, na uamuzi wake wa springi ngapi. Hicho ndicho unachouza. Wale wachezaji walioumia walikipata kwa miaka ya kukaa chumba kimoja na miili ya watu wengine.

Nilivyomjibu

Nilimwandikia hivi: hupigwi kisheria, lakini unachouziwa si kazi, ni utangulizi wa kazi. Kabla hujalipa, waulize maswali manne. Nitatazama saa ngapi watu halisi wakifundishwa? Nitafundisha saa ngapi nikiwa nasimamiwa? Nani atanifundisha kuhusu mifupa dhaifu, ujauzito, shinikizo la damu na diski za mgongo? Na mwalimu wangu bado anafundisha wateja, au anafundisha walimu tu? Wakijibu vizuri, lipa. Wakikwepa, tunza akiba yako.

Na kama wewe msomaji ni mteja, uliza mwalimu wako jambo moja tu siku ya kwanza: kabla hatujaanza, unataka kujua nini kuhusu mwili wangu? Akisema "hakuna, lala tu chini tuanze", umeshapata jibu.

Rafiki yangu alijibu, "Sawa, nimeelewa." Kisha baada ya dakika chache: "Lakini hizo saa 450 nitazilipia na nini?"

Hapo sikuwa na la kumwambia haraka. Mafunzo marefu ni ghali, mengi yako mbali, na kipimo kizuri kinaweza kugeuka ukuta kwa asiye na pesa. Nilimkumbusha tu kwamba Kathy Grant na Lolita San Miguel walipata vyeti vyao kupitia mpango wa jimbo, uliowekwa kwa ajili ya watu wanaohitaji kuanza kazi upya, na kwamba kabla ya cheti chochote kulikuwa na miaka ya kukaa studio na kutazama. Wiki iliyofuata alianza kwenda kwa mwalimu mmoja mzoefu, Jumamosi asubuhi. Anapanga mikeka, anafuta mashine, anakaa pembeni na daftari. Akiba yake bado iko benki.